Jiokashingi ni nini, na kwa nini inataka watu wawili

Jiokashingi ni mchezo wa kutafuta vitu vilivyofichwa kwa kufuata namba za mahali. Mtu anaficha kopo au kisanduku nyuma ya jiwe, kwenye shina lenye uwazi au kwenye ufa wa ukuta. Anapima latitudo na longitudo ya hapo kwa GPS, kisha anazitangaza namba mtandaoni. Yeyote anayezitaka anazichukua na kwenda kutafuta. Akikiona, anaandika jina lake la mchezo na tarehe kwenye karatasi iliyomo ndani, anakirudisha palepale alipokikuta, na akifika nyumbani anaandika kwenye tovuti kwamba amekipata. Ni kombolela, ila anayejificha ni kopo, na kopo halichoki kusubiri.

Jina limeungwa kwa maneno mawili: "geo", la Kigiriki, yaani dunia, na "cache", lenye asili ya Kifaransa, yaani kitu kilichofichwa. Hapa nitakiita kificho.

Mchezo wenyewe una tarehe ya kuzaliwa, jambo ambalo michezo mingi haina. Kwa miaka mingi Marekani ilikuwa inavuruga makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, hata kipokezi kikaweza kukosea kwa mita mia hivi. Mwanzoni mwa Mei 2000 uvurugaji huo ulizimwa. Mei 3, Dave Ulmer, mtaalamu wa kompyuta, akataka kuujaribu usahihi mpya: akaweka ndoo nyeusi msituni karibu na Beavercreek, Oregon, akatangaza namba zake mtandaoni. Ndani mlikuwa na daftari, penseli, vitabu, manati na hata kopo la maharage. Sharti lake lilikuwa moja: ukichukua kitu, acha kitu. Siku chache tu baadaye ilikuwa imeshapatikana. Mwisho wa mwezi huohuo Matt Stum akapendekeza jina, na Septemba Jeremy Irish akafungua tovuti ya Geocaching.com. Leo vificho vinahesabiwa kwa mamilioni, duniani kote.

Mgeni wa mchezo huu hudhani kwamba simu ndiyo inayotafuta. Kumbe simu inakufikisha tu. Namba zenyewe ni za kina: huandikwa kwa digrii na dakika zenye tarakimu tatu baada ya nukta, na elfu moja ya dakika, ukipima kaskazini kwenda kusini, haifiki mita mbili. Tatizo ni kipokezi. Mahali peupe kinakosea kwa mita chache. Chini ya miti au kando ya kuta ndefu kinakosea zaidi. Halafu kumbuka kwamba aliyeficha naye alipima kwa kifaa chenye kasoro zilezile, kwa hiyo unabeba makosa ya watu wawili. Utajua umefika pale mshale kwenye simu utakapoanza kuyumba, mara mbele, mara nyuma. Hapo weka simu mfukoni.

Mimi huwa siiweki, na ndiyo maana natoka na mdogo wangu wa kike. Siku moja tulizunguka kisiki kimoja karibu dakika arobaini, mimi nikiukimbiza mshale, yeye amechutama akitazama chini. Mwishowe akasema, "Kaka, vijiti havilali hivyo vyenyewe." Kweli, vijiti saba au vinane vilikuwa vimepangwa sambamba, vimeegemea mzizi, unadhifu ambao upepo hauna. Nyuma yake palikuwa na kikopo cha filamu ya kamera. Karatasi ilikuwa imeviringishwa na kulowa kidogo, ikabidi aivute kwa kucha taratibu isichanike.

Tangu siku hiyo tuna sheria: asiyeshika simu ndiye anayeanza kutafuta. Ukitoka na rafiki utamstahi. Ndugu yako atakwambia umepotea, tena kwa sauti.

Kila kificho kina alama mbili, kuanzia 1 hadi 5 kwa kupanda nusunusu: moja ni ya ugumu wa kukiona, nyingine ya ugumu wa njia. Ukiwa na mtoto chagua zisizozidi 1.5 zote mbili. Tazama pia ukubwa, maana vile vidogo kabisa vina karatasi peke yake, na mtoto aliyeahidiwa hazina hatakusamehe haraka. Kwenye vikubwa hukosi vitu vya kuchezea. Akichukua kimoja aache chenye thamani ileile au zaidi. Chakula hakiwekwi, wanyama watakinusa. Visu pia haviwekwi. Ukikuta kibati chenye namba za kufuatilia, hicho si cha kubaki nacho, kinasafiri: kichukue ukakiache kwenye kificho kingine.

Usichimbe. Kanuni zinakataza kufukia kificho bila ruhusa ya mwenye ardhi, kwa hiyo anayeshika jembe amekosea mchezo. Na wapita njia wakiwa wengi, jifanyeni mnafunga viatu mpaka wapite. Vificho vingi hupotea kwa sababu mtu asiyejua mchezo alimwona anayejua.

Msipokiona, andikeni hivyohivyo kwenye tovuti. Watu huona aibu, lakini taarifa za "hatukukiona" zikifuatana ndizo zinazomshtua mwenye kificho akakague kama bado kipo. Sisi tuna kimoja tulichokiendea mara mbili, na mara zote mbili mdogo wangu aliandika kwa ujasiri kwamba kimeibiwa. Mwenye kificho akaenda kutazama, akajibu: kipo, hakijasogea.