Asali, sukari guru, tende au stivia: mwenye kisukari atumie nini?

Mimi ni mtaalamu wa lishe katika kliniki ya kisukari, na kauli ninayoisikia mara nyingi ni hii: "Sukari nimeshaacha, siku hizi ni asali tu." Anayesema hivyo amejitahidi kweli, kwa hiyo anastahili jibu lisilozunguka. Asali ni sukari. Takribani asilimia 80 ya uzito wake ni sukari, hasa fruktosi na glukosi, na kinachobaki karibu chote ni maji.

Chukua mizani ya jikoni uone mwenyewe. Kijiko kikubwa cha sukari kina gramu 12 hivi. Kijiko hichohicho cha asali hufika gramu 21, maana asali ni nzito, na ndani yake mna gramu 17 hivi za sukari. Aliyebadilisha kijiko kwa kijiko ameongeza sukari kwenye chai yake. Asali ina utamu zaidi kidogo, kwa hiyo mtu angeweza kutia pungufu, ila mkono uliozoea vijiko viwili hutia viwili.

Sukari guru na sukari ya mnazi ni hadithi ileile. Rangi ya kahawia isikudanganye. Madini yaliyomo ni kidogo mno.

Tende nazitetea kidogo, kwa kuwa zina nyuzinyuzi. Hata hivyo, tende moja nono aina ya Medjool ina wanga wa gramu 18 hivi. Wakati wa Ramadhani, wagonjwa walioruhusiwa na daktari kufunga huwashauri wafuturu kwa tende moja, au mbili zikiwa ndogo, na waihesabu kama sehemu ya mlo.

Stivia ndiyo tofauti. Ni mmea wenye asili ya Paraguay, na hata Kericho nchini Kenya wakulima wameulima. Viini vyake vilivyosafishwa ni vitamu mara 200 hadi 300 kuliko sukari, na havipandishi glukosi kwenye damu. Nawaruhusu wagonjwa wangu waitumie, kwa sharti moja: geuza pakiti usome maandishi madogo ya nyuma. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Ukikuta deksitrosi au maltodekstrini imetangulia na stivia iko mkiani, hapo umenunua wanga kwa bei kubwa. Pakiti moja ndogo haitakudhuru sana. Nyingi kwa siku zinahesabika.

Tena, chai ya stivia inayoteremshwa na mahamri manne bado itapandisha sukari, kwa sababu unga wa ngano nao hugeuka glukosi. Pima saa mbili baada ya kula, mashine itakuonyesha.

Sasa jambo ninalolisisitiza kuliko yote, hasa kwa wanaochoma insulini au kumeza vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamaidi. Sukari ya damu ikishuka chini ya 4 (mmol/L), ukatetemeka na kutoka jasho jembamba, stivia haitakusaidia chochote. Hapo unahitaji sukari yenyewe: vijiko vidogo vinne vya sukari kwenye maji, au kijiko kikubwa cha asali. Subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa bado iko chini, rudia. Mgonjwa akipoteza fahamu, msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Kwa hiyo hata nyumba iliyohamia stivia iweke kopo la sukari mahali ambapo kila mtu analijua.