Weusi wa TV unaanzia kwenye taa za nyuma

Mteja akiniuliza TV ipi ina picha nzuri, swali langu la kwanza ni weusi wake ukoje. Kioo cha LCD hakitoi mwanga chenyewe. Nyuma yake kuna taa za LED, na fuwele za kimiminika zilizo ndani ya kioo hufungua au kuziba njia ya mwanga kwa kila pikseli, vile vidoti vidogo vinavyounda picha. Shida ni kwamba haziizibi kabisa. Paneli ya IPS, aina moja ya kioo cha LCD, kwa kawaida ina kontrasti (uwiano wa nyeupe kwa nyeusi) ya takribani 1000:1, yaani nyeupe ikiwa na mwangaza wa niti 500, nyeusi inabaki na 0.5. Zima taa za sebuleni uone: ni kijivu. VA, aina nyingine ya LCD, inaziba vizuri zaidi, 3000:1 na kuendelea, ila ukiitazama kwa upande rangi zinapauka.

Dawa ni kupunguza taa zenyewe. Njia ya mkato ni kuzishusha zote kwa pamoja. Zikishuka hadi asilimia 10, nyeusi inakuwa niti 0.05, lakini kama picha ni ya anga la usiku lenye mwezi, na mwezi huo unaporomoka kutoka 500 hadi 50. Uwiano haujabadilika hata kidogo! Zile kontrasti za "milioni kwa moja" za kwenye boksi hupatikana kwa kupima nyeupe ya picha moja na nyeusi ya picha nyingine. Mimi wala sizisomi.

Faida ya kweli huja taa zikigawanywa kwa kanda: kanda ya mwezi inawaka, za anga zinafifia au kuzimwa. iPad Pro ya inchi 12.9 ya mwaka 2021 ina kanda 2,596, na bado kila moja inahudumia pikseli kama 2,150. Ndiyo maana maandishi meupe juu ya weusi huzungukwa na ukungu. OLED, aina ya kioo kisicho na taa za nyuma, haina ukungu huo, kila pikseli hutoa mwanga wake na hujizima yenyewe.

Neno "Direct LED", yaani LED zimepangwa nyuma ya kioo badala ya pembeni, lisikuzuzue. Fungua TV nyingi za bei nafuu: chini ya karatasi nyeupe za kusambaza mwanga kuna vipande vya LED vilivyoungwa mfululizo, na waya mbili tu kutoka kwenye bodi. Mara nyingi LED moja ikikatika, sauti ipo, picha giza tupu. Taa za namna hiyo hupanda na kushuka pamoja.

Kabla hujalipa, tafuta "Local Dimming", yaani kufifisha taa kwa kanda, kwenye mipangilio ya picha. Ikiwepo, iweke juu kabisa, ucheze video ya kitone cheupe kinachotembea kwenye weusi. Utaziona kanda zikiwaka na kuzima zikikifuata.