Mkulo mmoja tu, bwana miti

Mzee mmoja wa kijiji kilicho pembezoni mwa Mlima Rungwe, mpasuaji mbao wa zamani, alinibana kwa swali: "Bwana miti, msitu wote huu, nikichukua mkulo mmoja tu, utajua?"

Msitu utajua, mzee wangu.

Mkulo ni ule mti wenye harufu ya kafuri. Ukikomaa, hauanguki peke yake. Kilele chake kimefungamanishwa na vya jirani kwa mimea tambazi, kwa hiyo ukienda chini unavuta wenzake na kuvunja matawi ya waliosalia. Kisha panafyekwa mahali pa kupasulia, zinakatwa fito za kujengea jukwaa, na inafunguliwa njia ya kubebea mbao kichwani mpaka barabarani. Jua likishafika chini, hapo ndipo balaa. Wanaowahi ni mimea tambazi na vichaka, nao huweza kuziba pengo hilo miaka na miaka, miche ya miti mikubwa ikikosa pa kupenya.

Na mkulo wenyewe ni mgumu kuzaliana. Mbegu zake nyingi huharibiwa na wadudu zikiwa bado mtini, na zinazopona hazikai muda mrefu kabla ya kufa. Uzao wake mwingi hutoka kwenye mizizi na visiki. Kisiki kikichimbuliwa au kikiungua, hesabu imefungwa. Ndiyo maana nikisikia mtu akisema "tutapanda mingine", huwa najiuliza atatoa wapi miche.

Sina ugomvi na miti ya kupandwa. Kule Sao Hill, Mufindi, msindano huvunwa baada ya miaka 20 hivi, na kila nyumba ya Mbeya inayopauliwa kwa mbao zake inaupunguzia msitu wa asili mzigo (mafundi seremala watabisha kuhusu ubora, waacheni wabishe). Ila shamba la misindano lina miti ya rika moja. Halina mzee mwenye pango ambamo hondohondo atataga. Wala halina matawi yaliyovikwa kuvumwani, ile mimea laini ya kijani inayonasa ukungu na kuudondosha tone kwa tone. Rungwe ni mlima wa ukungu, na vijito vyake vinaingia Mto Kiwira, kisha Ziwa Nyasa.

Halafu kuna kipunji, kima wa misitu hii. Wawindaji wa huku walikuwa na jina lake zamani. Wanasayansi walimfahamu mwaka 2003, wakamtangaza 2005, na mwaka uliofuata wakampa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Sensa iliyochapishwa 2008 ilikadiria kipunji 1,117 tu duniani, hapa kwetu na katika msitu wa Ndundulu, Udzungwa. Kima huyu huishi zaidi juu mitini. Kwake, pengo ni mto usio na daraja. Ukitaka kuona ninachosema, nenda Bujingijila, ule ukanda mwembamba unaounganisha msitu wa Rungwe na wa Livingstone, uone ulivyochakaa kwa ukataji na mashamba.

Tangu 2009 Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia, zaidi ya hekta 13,000, na kuvuna mbao humo ni kosa. Doria zinasaidia, lakini hazitoshi. Chenso inasikika mbali, hivyo wajanja hurudi kwenye msumeno wa mkono, ule ule wa mzee wangu.

Siku ya pili alinipeleka mwenyewe kwenye kisiki. "Huu niliuangusha mwaka niliooa," alisema. Kilikuwa kipana kama meza ya watu sita, na pembeni yake machipukizi manne yalikuwa yamesimama. Nilitoa utepe nikapima lililo nene kuliko yote: sentimita 19 kwa kipenyo.

Mzee alitazama utepe, akatazama kisiki. "Mwanangu wa kwanza," alisema, "sasa ana mvi."