Kisahani cha Plan 9 Hakikutoka Jikoni

Leo tena nimesikia: "Visahani vya angani vya Plan 9 from Outer Space, ile filamu ya wageni kutoka sayari nyingine, vilikuwa sahani za karatasi." Mwingine anaapa ni vifuniko vya ringi za gari. Hapana, jamani. Ni modeli za plastiki za kuunganisha, zilizouzwa madukani Marekani wakati mwongozaji Ed Wood anapiga filamu ile mwaka 1956. Hilo limekwisha.

Linaloniudhi hasa ni hili la pili: "Maiki inaning'inia juu ya kichwa, hawa watu walikuwa vipofu?" Kuanzia 1953 majumba ya sinema ya Marekani yalihamia picha pana. Mwenye bajeti ndogo hakukodi lenzi maalumu. Alipiga fremu ileile ya zamani, 1.37 kwa 1 (upana kwa kimo), na kwenye projekta likawekwa kibati chenye tundu la 1.85 kwa 1. Gawanya 1.37 kwa 1.85, unapata 0.74. Yaani asilimia 26 ya kimo cha picha inafichwa, 13 juu na 13 chini. Mpigapicha aliijua mipaka hiyo, na mshika maiki alishusha hadi pale, si chini yake. Kisha filamu ikauzwa televisheni, ikaonyeshwa fremu nzima, na takataka zote za ukingoni zikaingia sebuleni kwako. Umechungulia nyuma ya pazia, halafu unamcheka mwenye nyumba!

Nyuzi zinazoning'iniza visahani nazo ni hivyohivyo. Nakala ya sinema, hata ikichapwa moja kwa moja kutoka negativu, yaani ukanda uliopita kwenye kamera, hupoteza ukali. Ikipitia negativu ya pili, hupoteza zaidi. Skani ya 4K, ya kidijitali yenye ukali mkubwa, huufufua uzi uliokuwa umekwisha kumezwa na chembe za filamu.

Nakiri, hoja hii haisafishi kila kitu. Vibati havikuwa sawa kila jumba, kwa hiyo hakuna picha moja "halisi" ya kutetea. Na ile mchana na usiku kupokezana katika tukio moja? Usiku wa bandia hupigwa mchana kwa kupunguza mwanga kama stopu mbili, yaani hadi robo, kisha maabara huchapa giza. Anayehamisha filamu kwenda televisheni akisawazisha mwanga, usiku unageuka adhuhuri. Hiyo inaeleza baadhi. Nyingine ni haraka tu, sizitetei.

Haraka yenyewe lakini ina ufundi wake. The Man from Planet X (1951) ilipigwa kwa siku sita ndani ya mandhari yaliyobaki kutoka filamu ya Joan of Arc. Mwongozaji Edgar G. Ulmer akamwaga ukungu kila kona: ukaficha dari, ukaficha kuta, ukawa ndiyo nyika ya Scotland. Utamu wa filamu hizi uko hapo: unaona tatizo na dawa yake kwa pamoja.

Ukitaka kujaribu mwenyewe kupiga kisahani, anza na kasi ya kamera. Modeli ya 1/16, yaani ndogo mara 16 kuliko chombo chenyewe: kipeuo cha pili cha 16 ni 4, zidisha kwa fremu 24 za kawaida, piga fremu 96 kwa sekunde, la sivyo kisahani kitayumba kama taa ya kibanda. Bei yake ndiyo kilio. Futi 400 za ukanda wa milimita 35, zinazodumu karibu dakika nne na nusu kwa kasi ya kawaida, huisha kwa sekunde 67. Moto na maji haviitii kanuni hiyo; tone la maji halikubali kuwa dogo.

Uzi ukikataa kufichika, ning'iniza modeli kichwa chini na upindue kamera. Jicho hutafuta uzi juu, nao uko chini. Enzi za ukanda, ukiupindua ukanda wenyewe badala ya kamera tendo lilirudi kinyumenyume, kwa hiyo kisahani kilipaswa kupigwa kikirudi nyuma. Na taa inayoigiza jua ihamie sakafuni. Wengi husahau hilo, kisahani chao kinang'aa tumboni.