Punda si mjinga, wala hakuletwa na majahazi

Mtoto akishindwa hesabu huitwa punda. Mtu akisahau wema huambiwa shukrani ya punda ni mateke. Nadhani tumemwonea mnyama huyu vya kutosha, na mengi tunayomsingizia hayana msingi.

Dhana: Punda ni mgeni aliyeletwa kutoka Arabuni.

Safari ilikuwa kinyume chake. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa punda wa kufugwa duniani kote wana asili moja: walianza kufugwa Afrika Mashariki yapata miaka 7,000 iliyopita, ndipo wakasambaa Misri, Asia na Ulaya. Babu yao, punda mwitu wa Afrika, bado yupo katika nyika kame za Eritrea na Ethiopia, ingawa wamebaki wachache mno. Kule Abydos, Misri, wachimbuaji walikuta punda 10 waliozikwa kwa heshima karibu na kaburi la mfalme miaka 5,000 hivi iliyopita. Mifupa yao ina alama za kubebeshwa mizigo, lakini maumbo yao bado yanafanana sana na ya punda mwitu. Kwa hiyo kazi ilitangulia. Mwili ulichelewa kubadilika.

Dhana: Mnyama pori akilelewa tangu mchanga, tayari ni wa kufugwa.

Huyo amezoeshwa tu. Mwanzoni mwa karne ya 20, daktari Rosendo Ribeiro alikuwa akiwazungukia wagonjwa wake Nairobi akiwa amempanda punda milia. Hata hivyo, punda milia hawakuwa mifugo. Ufugaji hubadilisha ukoo mzima: binadamu huchagua wazazi kizazi baada ya kizazi, hadi upole urithiwe.

Dhana: Punda ni mkaidi na mjinga.

Hapa ndipo tunapomkosea zaidi. Farasi akiogopa hutimua mbio; punda husimama kwanza apime hatari. Ni tabia ya mnyama wa nchi kame yenye mawe, ambako kukimbia ovyo ni kuvunjika mguu. Ufugaji haukuifuta. Anayemchapa bakora punda aliyegoma anamwongezea hofu, na hofu ndiyo iliyomsimamisha. Jangwa hilohilo lilimpa uwezo wa kuvumilia kiu kuliko wanyama wengi wa kazi, na sisi tumeugeuza uvumilivu huo kuwa ruhusa ya kumnyima maji.

Na mateke? Mtazame mgongoni, chini ya shogi, yaani mfuko wa mizigo anaotandikwa. Mara nyingi utakuta kidonda. Punda hufichaficha maumivu, kwa hiyo teke huenda likawa ishara ya kwanza anayoiona mwenye mali. Lamu, ambako vichochoro havipitishi gari na punda ndiye mchukuzi wa mchanga na mawe ya ujenzi, kuna zahanati ya punda tangu mwaka 1987.

Dhana: Punda ni wengi, hawawezi kwisha.

Punda jike hubeba mimba takribani miezi 12 na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Ngozi yake huchemshwa China kutengeneza dawa ya asili iitwayo ejiao, na biashara hiyo ilipopamba moto, wizi wa punda ulienea vijijini Kenya na Tanzania. Aliyeibiwa punda alibaki akichota maji kwa kichwa chake mwenyewe, na mara nyingi huyo ni mwanamke. Februari 2024, viongozi wa Umoja wa Afrika waliafikiana Addis Ababa kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote.