Utafiti wa PURPOSE 1 haukusema kwamba vidonge vya PrEP havifanyi kazi

Juma hili tena mteja amenirudishia chupa ya vidonge vya PrEP, yaani dawa ya kumkinga asiye na VVU asiambukizwe, ikiwa karibu imejaa, akanieleza kwa upole kwamba haoni sababu ya kuendelea kumeza dawa ambayo watafiti wenyewe wamethibitisha kuwa haifanyi kazi. "Daktari, si walisema waliochomwa sindano hakuna hata mmoja aliyeambukizwa, na waliomeza vidonge wakaambukizwa?" Mimi ni mfamasia, lakini hapa Mbale yeyote aliyevaa koti jeupe huitwa daktari, na hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba maneno hayo hayo nimeyasikia kwa waendesha boda boda, kwa akina mama wa sokoni, kwa mtangazaji wa redio na, baya zaidi, kwa wahudumu wa afya wanaotoa vidonge hivyo kwa mikono yao. Nimechoka kuyasahihisha dirishani, mteja mmoja mmoja, huku foleni ikiwa imefika barazani.

Utafiti unaotajwa ni PURPOSE 1, uliofanyika katika vituo 25 vya Afrika Kusini na 3 vya hapa Uganda, kwa wasichana na wanawake wa umri wa miaka 16 hadi 25. Matokeo ya awali yalitangazwa Juni 2024, na mwezi uliofuata Profesa Linda-Gail Bekker, mmoja wa watafiti wake, akayawasilisha kwa kirefu katika mkutano wa UKIMWI mjini Munich. Wanawake 2,134 walipangiwa sindano ya lenakapaviri, 2,136 wakapangiwa kidonge cha F/TAF, na 1,068 wakapangiwa F/TDF, ambacho ndicho kidonge cha siku nyingi. Vidonge vyote viwili vina dawa za tenofoviri na emtrisitabini. Katika kundi la sindano hakuna aliyeambukizwa VVU. Katika kundi la F/TAF waliambukizwa 39, na katika kundi la F/TDF waliambukizwa 16. Takwimu hizo sizipingi hata kidogo, na nilizipokea kwa furaha kama mtu yeyote anayefanya kazi hii. Ninachopinga ni hukumu ambayo watu wanaitoa juu ya vidonge kwa kuzitumia.

Jambo la kwanza ambalo karibu kila anayeniletea habari hii halijui ni kwamba katika utafiti huo kila mshiriki alichomwa sindano kila baada ya wiki 26, na kila mshiriki alipewa vidonge vya kumeza kila siku. Aliyepangiwa lenakapaviri alipewa vidonge bandia, na aliyepangiwa vidonge halisi alichomwa sindano bandia, ili asiwepo mshiriki wala muuguzi anayejua nani yuko kundi gani. Sasa fikiria kinachofuata. Lenakapaviri ikishaingizwa chini ya ngozi ya tumbo inakaa pale na kutoka polepole kwa miezi 6, hata kama mshiriki atasafiri, ataugua, ataachana na mwenzake au ataisahau kabisa kliniki. Vidonge halisi, kwa upande mwingine, vilikabidhiwa vikiwa ndani ya chupa, na chupa ikaenda nyumbani na msichana wa miaka 19. Kilicholinganishwa, kwa hiyo, ni dawa iliyokwisha kuingia mwilini na dawa iliyotolewa kwa matumaini kwamba itaingia.

Je, iliingia? Watafiti hawakuridhika na kuuliza, na walifanya vyema, kwa sababu jibu la kuulizwa tunalijua sote tunaofanya kazi hii. Walipima damu ya sehemu ndogo ya washiriki waliochaguliwa kwa bahati nasibu, pamoja na ya wale walioambukizwa. Kipimo chenyewe ni rahisi kukitazama: matone ya damu huwekwa katika vijiduara vilivyochapwa kwenye karatasi ya chujio, yakaachwa yakauke mpaka yageuke rangi ya kahawia, kisha karatasi ikatiwa kwenye mfuko pamoja na kifuko cha kunyonya unyevu. Ndani ya seli nyekundu za damu tenofoviri hugeuzwa kuwa umbo linalojikusanya taratibu na kupungua taratibu, kwa kiasi cha nusu kila baada ya siku 17 hivi. Kwa sababu hiyo mtu hawezi kumeza vidonge 2 asubuhi ya siku ya kliniki akaonekana mfuasi mzuri, kwa kuwa tone lile linasimulia wiki nyingi zilizopita. Lilichosimulia ni kwamba wengi katika makundi ya vidonge walikuwa wakimeza chini ya vidonge 2 kwa wiki, na kwamba hali ilizidi kushuka kadiri miezi ilivyopita. Miongoni mwa wanawake wa F/TAF, wale ambao damu yao ilionyesha umezaji wa kadiri au wa juu walikuwa na uwezekano wa kuambukizwa uliopungua kwa karibu asilimia 89 ukilinganisha na waliomeza kidogo.

Hapa ndipo ninapoomba uvumilivu wa msomaji, kwa maana sentensi moja ya ripoti ile ndiyo iliyozaa uvumi wote huu. Ripoti ilisema kwamba kiwango cha maambukizi katika makundi ya vidonge hakikutofautiana kwa maana ya kitakwimu (tofauti ilikuwa ndogo kiasi cha kuweza kutokea kwa bahati tu) na kiwango cha jumla, yaani kile kilichokadiriwa kwa wanawake wote waliopimwa kabla ya kuandikishwa. Kiwango hicho cha jumla kilikuwa maambukizi 2.41 kwa kila wanawake 100 wanaofuatiliwa kwa mwaka mmoja. F/TAF kilikuwa 2.02 na F/TDF 1.69. Sentensi hiyo ni ya kweli. Lakini inaeleza kilichotokea kwa kundi zima la watu waliopangiwa vidonge, waliomeza na wasiomeza wakihesabiwa pamoja, na ndivyo inavyotakiwa kuhesabiwa katika jaribio la haki. Haisemi neno lolote kuhusu mwanamke anayemeza kidonge chake kila siku. Chandarua kilichokunjwa chini ya kitanda hakizuii malaria, na hakuna mtu hapa Mbale ambaye angekusanya takwimu za vyandarua vilivyokunjwa akatangaza kwamba vyandarua havizuii mbu. Kwa vidonge, watu wenye akili timamu wanafanya hivyo hivyo, na wanafanya kwa kujiamini.

Laiti tenofoviri ingekuwa haimkingi mtu, tungelijua tangu mwaka 2012, tena kutoka papa hapa. Utafiti wa Partners PrEP uliwafuatilia wanandoa 4,747 wa Kenya na Uganda ambao mmoja wao alikuwa na VVU na mwingine hakuwa nayo, na miongoni mwa vituo vyake 9 vilikuwamo Kampala, Jinja, Kabwohe, Tororo na mji wetu huu wa Mbale. Kundi moja lilipewa kidonge bandia, jambo ambalo leo haliwezi kurudiwa kwa sababu ni kosa kumnyima mtu kinga inayojulikana. Waliambukizwa 52 katika kundi la kidonge bandia, 17 katika kundi la tenofoviri peke yake, na 13 katika kundi la tenofoviri pamoja na emtrisitabini, yaani F/TDF. Huo ni upungufu wa asilimia 67 na 75, na wanawake walikingwa kama wanaume walivyokingwa. Dawa ilionekana katika damu ya washiriki wengi mno.

Mwaka uliofuata yakaja matokeo ya VOICE, utafiti wa wanawake 5,029 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, na dawa ile ile haikuonyesha kinga yoyote. Kwa maneno yao wenyewe, na kwa hesabu ya vidonge vilivyorudishwa, washiriki walikuwa wamemeza takriban asilimia 90 ya dozi. Damu ilionyesha dawa katika chini ya theluthi moja ya sampuli. Watafiti waliporudi baadaye kwa baadhi ya wanawake hao na kuwaonyesha majibu ya damu yao, ndipo wengi walipoeleza waziwazi kwamba hawakuwa wakimeza. Dawa ni ile ile na bara ni lile lile, ila mazingira ya kuimeza yalikuwa tofauti kabisa: katika Partners PrEP mwenye kumeza aliijua hatari yake kwa jina na sura, na mwenzake alijua chupa ile ni ya nini na mara nyingine alimkumbusha. Sindano ya kabotegraviri, kinga nyingine ya VVU ya kuchomwa, katika utafiti wa HPTN 084, ambapo waliambukizwa 4 kwa sindano na 36 kwa vidonge, ni habari hiyo hiyo, kwa hiyo sitairudia.

Naomba mtu asichukue maelezo haya akayageuza kuwa lawama kwa wasichana. Chupa ya PrEP ina sauti. Ukitembea nayo ndani ya mkoba, abiria wenzako kwenye matatu wanaisikia. Inafanana na chupa ya ARV, na mara nyingi hutolewa kwenye dirisha lile lile la ARV. Mama akiikuta chini ya godoro hatauliza kama ni ya kinga au ya tiba. Wateja wangu wengine huhamishia vidonge kwenye kikopo cha mafuta ya kujipaka, wengine hujaza pamba juu yake ili visilie. Kinachoshindwa hapo ni namna tunavyowapa watu dawa, na sindano ya kila baada ya miezi 6 inaondoa tatizo hilo kwa heshima. Ndiyo sababu ninaitaka sindano hiyo ifike mpaka kituo cha afya cha mwisho kabisa cha milimani.

Hata hivyo, kuna mashaka ambayo vitabu vya mafunzo huyapitia haraka, nami sitaki kuyaficha. Ile asilimia 89 haikutokana na makundi yaliyopangwa kwa bahati nasibu. Hakuna aliyewapangia baadhi ya wanawake wameze na wengine wasimeze. Walijipanga wenyewe, na anayemeza kila siku huenda anatofautiana na asiyemeza kwa mambo mengine mengi, kama vile idadi ya wapenzi, matumizi ya kondomu au usalama wa nyumba anayoishi. Katika utafiti wa Marekani wa dawa za moyo uliochapishwa mwaka 1980, miongoni mwa waliopewa kidonge bandia, waliokimeza vizuri walikufa kwa kiasi cha asilimia 15 katika miaka 5, na waliokimeza vibaya walikufa kwa kiasi cha asilimia 28, ilhali kidonge hakikuwa na dawa. Ufuasi peke yake ni dalili ya maisha fulani. Kwa hiyo kwa F/TAF kwa wanawake mimi ninasema ushahidi unaelekea upande mzuri, na siendi mbali zaidi ya hapo. Kwa F/TDF ninasema kwa nguvu, kwa sababu nyuma yake kuna Partners PrEP, iliyopangwa kwa bahati nasibu.

Shaka la pili ni idadi ya dozi. Tumekuwa tukiwafundisha wanawake kwamba lazima vidonge 6 au 7 kwa wiki, kwa kuwa tenofoviri hufika kwa kiasi kidogo zaidi katika utando wa uke. Takwimu za karibuni zinaonyesha kwamba wanawake waliomeza 4 hadi 6 kwa wiki waliambukizwa kwa nadra sana, na huenda tumekuwa wakali kupita kiasi. Bado ninashauri kila siku. Lakini mteja akiniambia kwa aibu kwamba ameruka siku 2, simwambii tena kwamba amebomoa kinga yote.

Shaka la tatu linawahusu wanaoishangilia sindano. Sifuri ya wanawake 2,134 haina maana kwamba haiwezekani kuambukizwa. Mipaka ya kitakwimu ya sifuri hiyo inafika hadi maambukizi 0.19 kwa kila watu 100 kwa mwaka. Katika PURPOSE 2, utafiti mwenzake uliofanyika kwa wanaume wanaojamiiana na wanaume na kwa watu wa jinsia tofauti na ile waliyozaliwa nayo, waliambukizwa 2 kati ya 2,179 waliochomwa. Ni kinga bora kuliko zote tulizowahi kuwa nazo za kupewa mtu asiye na VVU, na hata hivyo si ukuta usio na ufa.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza lenakapaviri Julai 2025, na Septemba mwaka huo ikatangazwa kwamba aina zake za bei nafuu zitauzwa kwa takriban dola 40 kwa mtu kwa mwaka kuanzia 2027 katika nchi 120. Mpaka sindano iwe kitu cha kuomba na kupewa, wengi watakaofika dirishani kwangu watahudumiwa kwa vidonge, na anayeviacha leo kwa sababu ya kichwa cha habari anabaki bila kinga yoyote. Anayetaka kuhamia kwenye sindano aendelee na vidonge vyake hadi siku yenyewe ya kuchomwa. Siku hiyo atameza vidonge 2 vya lenakapaviri na siku inayofuata atameza 2 vingine, kwa sababu dawa iliyochomwa hupanda polepole kwenye damu na peke yake haifikii kiwango cha kukinga upesi. Hivyo vya siku ya pili huenda navyo nyumbani, kwa hiyo tukubaliane kabla hajaondoka ataviweka wapi na atavimeza saa ngapi. Akivisahau, avimeze mara tu atakapokumbuka, kisha anipigie simu.