Doa Ambalo Hawakukubali Kulifuta

Chukua punje moja ya yale mahindi ya rangirangi, uisogeze karibu na jicho. Imepauka, lakini juu yake kuna madoa ya zambarau. Mengine yamefunika robo ya punje, mengine ni vitone kama ncha ya sindano. Watafiti wa jenetiki, yaani sayansi ya urithi, wa miaka ya 1940 walikuwa wanajua kwamba kuna jeni (maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli) za namna hii, zisizotulia, ila wengi waliziona ni vioja vya pembeni. Barbara McClintock, mtafiti Mmarekani, alizifanya kazi yake ya kila siku.

Nafundisha historia ya sayansi, na kila mwaka hujikuta nikirudi kwenye punje hii. Wanafunzi wanapouliza mtu mwenye fikra za kipekee anafikirije, huwa napenda waione punje kwanza kabla hawajasikia jina la mtu.

Rangi ya zambarau hutoka pale jeni fulani inapofanya kazi yake. Kipande kingine cha DNA, ile kemikali inayobeba jeni, kikijipachika katikati ya jeni hiyo, kazi inasimama na punje inapauka. Lakini punje inapokua seli zake zinagawanyika, na katika seli mojawapo kile kipande kinaweza kuchomoka. Jeni inapona. Seli ile na uzao wake wote unatoka na rangi. Kipande kikichomoka mapema, seli ina muda wa kuzaa wengi, nawe unaona doa pana. Kikichelewa, unaona kitone tu. Kwa hiyo ukubwa wa doa unakueleza lini jambo lilitokea, na wingi wa madoa unakueleza limetokea mara ngapi. Ukishaelewa hivyo, punje unaisoma kama barua.

McClintock aliisoma bila kujua DNA imeundwaje. Umbo lake lilikuja kuelezwa mwaka 1953. Alihamia kituo cha utafiti cha Cold Spring Harbor, jimboni New York, mwaka 1941, na huko alipanda mahindi yake mwenyewe, akayachavusha kwa mikono, na kuchungulia kwa hadubini kromosomu zake, zile nyuzi za DNA zilizomo ndani ya seli. Kilichomfungua macho kilikuwa kwenye majani ya miche michanga: mabaka mawili yaliyokaa ubavu kwa ubavu, pacha, moja likiwa na madoa mengi kuliko sehemu nyingine ya jani na jenzake likiwa na machache. Mabaka hayo yalitokana na seli mbili ndugu, zilizozaliwa pamoja seli mama ilipogawanyika. Akahitimisha kwamba seli moja ilipata kitu ambacho nyingine ilikipoteza. Miaka kadhaa ya kuvuna na kuhesabu ilifuata, ndipo akaandika mwaka 1950 kwamba ndani ya kromosomu kuna vipande vinavyohama.

Hadithi inayopendwa inasema kwamba wenzake walimcheka hadi Tuzo ya Nobel ilipomtetea mwaka 1983, akiwa na miaka 81. Naipinga hadithi hiyo, maana inamdhulumu yeye na wao pia. Wengi wa waliofanya kazi na mahindi walikubali kwamba vipande vinahama. Walichokitilia shaka ni dai lake kubwa zaidi, kwamba kuhama huko ndiyo njia ambayo kiumbe hutumia kuziamrisha jeni zake anapokua. Na dai hilo, kwa upana alioliweka, halikusimama. Vipande vyenyewe vilionekana baadaye kwenye bakteria, kisha kila mahali: zaidi ya asilimia 80 ya jenomu ya mahindi, yaani DNA yake yote, imetokana navyo, na karibu nusu ya yetu. Alikuwa sahihi kuhusu doa na akakosea kuhusu sehemu ya maana yake. Kwangu mimi hilo halimpunguzii kitu.

Ninachokiona kwa watu kama yeye ni ukaidi wa aina moja. Wengine wanaona hitilafu na kuisawazisha ili hesabu ikae vizuri. Wao wanagoma.

Johannes Kepler, mtaalamu wa nyota Mjerumani, alipewa kazi ya kutafuta njia ya sayari ya Mirihi, akitumia vipimo alivyoviacha mtazamaji nyota Tycho Brahe. Alitengeneza mfano wa miduara uliokaribia kabisa, lakini mahali fulani ulikosea kwa dakika 8 za nyuzi, kiasi cha robo ya upana wa mwezi mpevu. Wanaastronomia waliotangulia wangeshukuru kwa usahihi kama huo. Yeye alijua kwamba Brahe hakuwa mtu wa kukosea kiasi hicho, akautupa mfano wake, na mwaka 1609 akachapisha kwamba Mirihi huzunguka Jua kwa njia ya duaradufu.

Lakini ukaidi peke yake hautoshi, na Mirihi hiyohiyo ni shahidi. Mmarekani Percival Lowell alijenga kituo cha kutazamia nyota huko Flagstaff, jimboni Arizona, mwaka 1894, akachora mistari aliyoiona juu ya sayari hiyo na kushikilia kwamba ni mifereji iliyochimbwa na viumbe wenye akili. Chombo cha anga cha Mariner 4 kilipopiga picha mwaka 1965, mifereji haikuwepo. Kepler alijua kipimo chake kinaaminika hadi wapi. Lowell alikuwa anasoma pale ambapo jicho la mtu linaanza kujitungia.

Kwenye fasihi doa huwa na sura nyingine, na hapa kuna mtu ninayemwonea uchungu hasa. Emily Dickinson wa Amherst, Massachusetts, alipofariki mwaka 1886 aliacha takriban mashairi 1,800. Yaliyochapwa akiwa hai yalikuwa kama 10 hivi. Mengi aliyanakili kwa mkono safi kwenye karatasi zilizokunjwa, akazitoboa na kuzishona kwa uzi kuwa vijitabu. Mashairi hayo yamejaa vistari: kimoja katikati ya mshororo, kingine mwishoni, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kutamka neno gumu. Vina vyake mara nyingi vinagusana bila kulingana.

Kitabu cha kwanza kilipotoka mwaka 1890, wahariri Mabel Loomis Todd na Thomas Wentworth Higginson waliviondoa vistari vingi, wakanyoosha vina, wakabadili maneno, wakayapa mashairi vichwa ambavyo hakuviandika. Walikuwa na nia njema. Walidhani wanamfuta vumbi usoni. Wanaokumbuka moto uliowaka Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, mashairi yasiyofungwa na vina na mizani, wataijua mara moja hoja ya wahariri hao.

Dickinson mwenyewe alikuwa amekwisha kusema. Shairi lake kuhusu nyoka lilipochapwa gazetini mwaka 1866, alimwandikia Higginson huyohuyo kulalamika kwamba alama waliyoiweka imeutenga mshororo wa tatu na wa nne, ilhali kwake hiyo miwili ilikuwa mmoja. Mtu anayegombea alama moja hakuweka vistari vyake kwa kupitiwa.

Vistari vilirudishwa kwenye toleo la Thomas H. Johnson la mwaka 1955. Bado kulikuwa na jambo ambalo chapa haikuweza kulibeba. Katika mashairi mengi Dickinson aliweka msalaba mdogo kando ya neno, kisha chini ya ukurasa akaandika maneno mengine ambayo yangeweza kukaa mahali pake. Mhariri analazimika kuchagua moja na kuyapeleka mengine kwenye maelezo. Mwaka 1981 Ralph Franklin alichapisha picha za vijitabu vyenyewe, na kwenye kurasa hizo unaona msalaba, neno lililo juu, na mengine mawili au matatu yakingoja chini, bila Dickinson kulikata hata moja.